Mgeni wa Kizimba cha Mbele

Paukwa!

Pakawa!

Mpo?

Tupo.

Masikio?

Tumeyatega.

Na mioyo?

Imetulia.

Basi tulieni hivyo hivyo, maana hadithi hii si ya kucheka.

Hapo kale, katika mji wa Kilindimo, palikuwa na mfalme aliyependa wanyama. Alijenga bustani kubwa yenye vizimba, akaweka twiga, akaweka tembo, akaweka simba. Watu walitoka mbali kuja kutazama.

Kila mnyama alipozaa, ngoma ilipigwa. Kila mnyama mgeni alipoletwa, ngoma ilipigwa. Watu wakasikia, wakaja mbio.

Lakini mfalme alikuwa na desturi moja. Mtoto wa mnyama akizaliwa, aliondolewa kwa mama yake, akawekwa katika kizimba cha mbele, karibu na lango, ili watu wamwone vizuri.

Mwenye kazi ya kuwalisha watoto hao alikuwa mwanamke mmoja, jina lake Mize. Aliwanywesha maziwa kwa kibuyu kilichofungwa kitambaa mdomoni. Kila siku aliwasikia mama zao wakilia huko nyuma. Alisikia, akanyamaza, maana kazi ilikuwa ya mfalme na yeye alikuwa mtu wa kutumwa tu.

Mumewe, Makame, alikuwa mtegaji wa mfalme. Nao walikuwa na binti mchanga, bado ananyonya, jina lake Sikudhani.

Siku moja Makame alirudi kutoka msituni na kitu ndani ya wavu. Kilikuwa na manyoya ya kijivu, kucha ndefu, na macho makubwa yenye maji. Kilikuwa kidogo kama mtoto wa kutambaa. Na kilipofungua mdomo, kililia kama mtoto wa mtu.

Mfalme alifurahi mno. "Hakuna mfalme mwenye mnyama kama huyu! Pigeni ngoma!"

Ngoma ikapigwa. Watu wakajaa langoni. Kwa kuwa hakuna aliyemjua ni mnyama gani, wakamwita Mgeni.

Basi Mize akaanza kumlisha. Akampa maziwa ya mbuzi, Mgeni akakataa. Akampa maziwa ya ng'ombe, akakataa. Akampa maziwa ya ngamia, akakataa. Alilia mpaka sauti ikakauka, kikabaki kifua tu kinapanda na kushuka.

Mize alimtazama. Sikudhani alikuwa mgongoni mwake, ameshiba, amelala. Basi Mize akaingia kizimbani, akakaa chini, akampakata Mgeni, akamnyonyesha.

Makame akamkuta. "Mama Sikudhani! Unafanya nini?"

"Mtoto analia na maziwa ninayo. Ulitaka nifanye nini?"

Makame akachuchumaa mlangoni pa kizimba.

"Baba Sikudhani, huyu ulimpata wapi?"

"Pangoni, katika msitu wa Kiwimbi. Alikuwa peke yake, amelazwa juu ya majani makavu."

"Amelazwa," akasema Mize. "Alilazwa na nani?"

Makame akainama kuukunja wavu wake.

"Nakuuliza, Baba Sikudhani. Nani alimlaza?"

Makame akautupa wavu begani, akaondoka.

Tangu siku hiyo Mize aliwanyonyesha wote wawili. Upande wa kulia alinyonya Sikudhani, upande wa kushoto alinyonya Mgeni. Mgeni akanenepa. Akajifunza kushika upindo wa kanga ya Mize na kuburutwa nao, akicheka.

Siku moja, jua la utosi likiwaka, watu wote wamejipumzisha, ikasikika sauti kutoka nje ya ukuta. Ilikuwa sauti nzito, ikiimba taratibu:

*Nina maziwa, sina mwana.*
*Mwenye mwanangu na anisikie.*
*Nipe wangu, nikupe wako.*

Walinzi wakapitiwa na usingizi wima wima, kama nguzo. Walipozinduka, ndama wa twiga aliyekuwa kizimba kimoja na Mgeni hayupo.

Mize akaenda kwa mfalme, akapiga magoti. "Mfalme wangu, huyu Mgeni ana mama, na mama yake ni zimwi, maana mtu halazi walinzi kwa wimbo. Tumrudishe."

Mfalme akasema, "Ongezeni walinzi."

Walinzi wakaongezwa. Siku nyingine, jua la utosi, sauti ikaja tena:

*Nina maziwa, sina mwana.*
*Mwenye mwanangu na anisikie.*
*Nipe wangu, nikupe wako.*

Ndama wa tembo akatoweka. Mize akaenda, akapiga magoti. "Mfalme wangu, tumrudishe."

Mfalme akasema, "Pandisheni ukuta."

Ukuta ukapandishwa mpaka ukapita paa la nyumba ya mfalme. Wakati huo simba jike alikuwa amezaa mtoto mmoja tu, wala macho hajafumbua. Naye akaondolewa kwa mama yake, akawekwa kizimba cha mbele. Jua la utosi, sauti ikaja kwa mara ya tatu:

*Nina maziwa, sina mwana.*
*Mwenye mwanangu na anisikie.*
*Nipe wangu, nikupe wako.*

Mtoto wa simba akatoweka. Mize akaenda, akapiga magoti.

Mfalme akakasirika. "Wewe mwanamke, ulisikia wapi mfalme akarudisha alichokipata? Wanyama watazaa wengine. Mgeni ni mmoja tu."

Mize akarudi nyumbani. Akamlaza Sikudhani kwenye mkeka kivulini, penye mlango wa jikoni. Akaingia ndani kuchota maji mtungini. Alipotoka na kata mkononi, mkeka ulikuwa mtupu. Na kutoka mbali, njia ya msituni, sauti ikawa inaimba.

Kata ilimponyoka, maji yakamwagikia miguuni. Akaenda moja kwa moja mpaka kizimba cha mbele. Makame alikuwa pale na ufunguo. Alimwona mkewe usoni, akajua.

"Nipe ufunguo."

Makame akampa. "Nitakwenda nawe."

"Usije. Wewe umezoea kunyemelea. Huko ninakokwenda panataka mtu anayekuja waziwazi."

Akamtoa Mgeni, akamfunga mgongoni kwa kanga, akatoka langoni mchana kweupe.

Alitembea. Akapita mashamba, akapita pori, akaingia msitu wa Kiwimbi. Hakusimama, kwa sababu alijua akisimama ataogopa.

Akalikuta pango. Mlangoni alikaa zimwi, mrefu kama mnazi hata akiwa amekaa. Alikuwa na mdomo mmoja usoni na mwingine kisogoni. Wa usoni ndio wa kusema na kuimba, wa kisogoni ndio wa kula. Mapajani mwake alimpakata Sikudhani.

"Nani amekutuma?" akauliza zimwi.

"Sikutumwa. Nimekuja mwenyewe."

"Mfalme wako yuko wapi?"

"Mfalme amebaki ndani ya ukuta wake. Mimi ni mama wa huyo uliyempakata. Na huyu niliyembeba ni wako."

Mize akafungua kanga, akamweka Mgeni chini. Lakini Mgeni hakwenda. Alimtazama yule zimwi, akarudi nyuma, akashika upindo wa kanga ya Mize, akaanza kulia.

Zimwi akasimama. Miti ikainama. Mdomo wa kisogoni ukafunguka hata ukaonekana kutoka mbele, na Sikudhani akanyanyuliwa juu.

"Umemroga mwanangu! Hanijui!"

"Sikumroga!" Mize akalia. "Nilimnyonyesha!"

Zimwi akatulia. Akainama mpaka chini, akasogeza uso karibu na mdomo wa Mgeni, akanusa. Akanusa tena. Akanusa mara ya tatu.

"Maziwa ya mtu," akasema polepole. "Ndiyo maana nilipopapasa juu ya ukuta sikuipata harufu yake. Ya kifuani mwako?"

"Ya kifuani mwangu. Kulia akinyonya binti yangu, kushoto akinyonya mwanao."

Mdomo wa kisogoni ukafumbika.

"Basi hawa ni ndugu," akasema zimwi. "Ndugu wa kifua kimoja. Sitamla ndugu wa mwanangu." Akamshusha Sikudhani, akamweka mikononi mwa mama yake.

Kisha akakaa chini, akaanza kuimba tena wimbo wake, lakini kwa sauti ndogo, kama mtu anayebembeleza. Mgeni akaacha kulia. Akasikiliza. Akaachia upindo wa kanga. Akatambaa kidogo, akasita, akatambaa tena, mpaka akafika mapajani mwa mama yake, akaficha uso.

Ndipo Mize akaona ndama wa twiga na ndama wa tembo wamejikunyata ndani ya pango, wamekonda lakini wazima. Na kando yao, chini ya majani mabichi yaliyopangwa vizuri, akaona mkia mdogo wa simba.

"Yule nilimpa maziwa yangu, akakataa," akasema zimwi. "Nikampa tena, akakataa. Nilipompa mara ya tatu, alikuwa ameshapoa." Akayapanga upya yale majani. "Sikumuua. Maziwa yalikuwa yananiuma. Nilitaka mtu anyonye."

Mize alimfunga Sikudhani mgongoni, akamfunika mtoto wa simba kwa mtandio wake, akambeba mikononi. Akaondoka, na wale ndama wawili wakamfuata nyuma.

Walipoingia mjini watu walisimama kando ya njia. Ngoma haikupigwa. Mize akafungua mlango wa twiga, ndama akaingia kwa mama yake. Akafungua mlango wa tembo, ndama akaingia kwa mama yake. Akafika kwa simba, akapiga magoti, akamweka mtoto chini na kumsukuma taratibu kati ya miti ya kizimba. Simba akamnusa. Akamlamba. Akaendelea kumlamba, kama mtu anayemwamsha aliyelala.

Mfalme akaja. "Mnyama wangu yuko wapi?"

"Nimemrudisha kwa mama yake, mfalme wangu."

"Kizimba changu hakitakaa kitupu," mfalme akasema. "Mwingizeni yeye na mwanawe. Wapigieni ngoma."

Makame akajitupa mbele ya walinzi, wakamsukuma kando. Basi Mize akafungiwa kizimba cha mbele na Sikudhani wake. Ngoma ikapigwa. Watu wakaja. Wakamwona mwanamke wanayemjua, amekaa chini ananyonyesha, macho yake hayamtazami mtu. Hakuna aliyecheka. Mpiga ngoma mwenyewe alipoona, akaiweka ngoma chini.

Kikongwe mmoja akatoka katikati ya watu, anatembea kwa mkongojo. Alikuwa Bi Mwantumu, mama wa mfalme. Akafika mlangoni pa kizimba.

"Nifungulieni, niingie."

"Mama," mfalme akasema, "hapo ni mahali pa wanyama."

"Mimi nilizaa, nikanyonyesha. Ukaumwa, nikakesha nawe. Simba yule naye amezaa. Zimwi naye amezaa. Mize naye amezaa. Hebu tugawe, mwanangu. Nionyeshe nani kati yetu ni wa humu na nani si wa humu."

Walinzi wakafungua. Bi Mwantumu akaingia, akakaa kando ya Mize. Mwanamke mwingine akaingia na mtoto wake. Mwingine akamfuata. Wakaingia mpaka kizimba kikajaa, na waliokosa nafasi wakakaa nje, wameegemea miti yake.

Jioni ile hakuna jiko lililowashwa Kilindimo. Wanaume walirudi makwao wakakuta majumba kimya. Mfalme alikaa barazani peke yake. Alipochoka kukaa, akashuka, akaja kwa miguu, akafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Tokeni, mama zangu," akasema.

Asubuhi yake vizimba vikabomolewa, kimoja baada ya kingine. Makame ndiye aliyeanza kuvipiga shoka, na nyavu zake akazichoma. Twiga akaondoka na mwanawe. Tembo akaondoka na mwanawe.

Simba naye alifunguliwa, lakini hakwenda. Mtoto wake walikuwa wamemzika pale pale, chini ya ukuta. Alikaa hapo, na kila jioni aliita. Watu walimsikia wakiwa majumbani, na mfalme alimsikia barazani pake.

Siku moja mfalme akamwita Mize. "Atanyamaza lini?" akamuuliza.

"Sijui, mfalme wangu," Mize akasema. Akamweka Sikudhani vizuri mgongoni, akaenda zake nyumbani.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mimi ndipo ninaponyamaza. Nanyi wanangu mshike neno hili: mtoto wa kiumbe yeyote ana mama anayemtafuta. Ukimchukua, mrudishe mapema, kwa kuwa ukichelewa hutaweza kurudisha wote.