Furushi Chini ya Shela la Unaisa

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Wasit aliishi bibi mcha Mungu, Rumaisa binti Wahbi. Alipotimiza miaka themanini macho yake yaliingia ukungu, na maradhi ya kupooza yakamwondolea hisia tangu kiunoni kwenda chini. Jirani zake wakamletea mjane aitwaye Unaisa, aje kila alfajiri amwogeshe, amtandikie, afagie na kumpikia uji.

Unaisa alikuwa mtu wa maneno machache, na Bi Rumaisa hakuupenda ukimya ule. Alilala akitega sikio. Alisikia ufagio ukipita, vyungu vikisuguliwa, kisha kasha la nguo likifunguliwa polepole mno. Ubani ulifukizwa kila asubuhi bila yeye kuuagiza. Na Unaisa alipoinama kuaga, bibi aliona, kwa nuru kidogo aliyobakiwa nayo, kwamba mwanamke yule anatoka mnene kuliko alivyoingia.

Siku moja akataka aletewe mashuka yake. Akayapapasa: manne, naye aliyajua kuwa saba. Unaisa akasema mengine yapo salama, asiongeze neno.

Basi dhana ikamea. Hata katika nyiradi zake bibi alijikuta akiwaza ni kipi kingine kilichotoka. Akamwambia jirani yake, Bi Khaula, kwamba mashuka yake matatu yameibwa, na kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Neno likatembea, na nyumba mbili alizokuwa Unaisa akihudumia zikamfungia milango. Hata hivyo kwa Bi Rumaisa aliendelea kuja.

Asubuhi moja, Bi Khaula akiwapo, bibi alimshika shela wakati wa kuaga, mkono wake ukagusa furushi.

"Lifungue," akasema.

"Bibi, niite mwizi mbele yake ukipenda. Lakini hili sitalifungua mbele ya mtu."

Bi Khaula akachekea puani. Bi Rumaisa naye alizidi kushuku, ila sauti ile haikuwa na woga, akamwomba jirani atoke kidogo. Kisha akalifungua mwenyewe. Vidole vyake vikakuta shuka lake, limelowa, na harufu ya mkojo ikampanda usoni.

Akalifunga tena furushi, akauliza:

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi niliokuja. Nafua kwangu, nikianika hapa wataona."

"Nami nikakuchafulia jina. Mbona hukuniambia?"

"Mwenyezi Mungu amekusitiri miaka themanini, bibi. Niliona haya kuwa mimi wa kukufichua."

Bi Rumaisa akalia. Kisha akaagiza Bi Khaula arudi, pamoja na wanawake wa zile nyumba mbili. Unaisa alipofahamu nia yake akamshika mikono, akamsihi aache, kwamba yeye amekwisha kusamehe. Bibi hakukubali.

"Mashuka niliyosema yameibwa," akawaambia walipokusanyika, "nimeyakojolea mimi, bila kujijua. Huyu alikuwa akiyafua na kunifichia. Nimemdhulumu, nanyi mmemdhulumu kwa ulimi wangu."

Wanawake wakainamisha vichwa. Inasemwa kwamba kabla ya adhuhuri milango ile miwili ilikuwa wazi.

Ndugu zangu, najisi ya nguo huondoka kwa maji. Jina la mja likichafuliwa, haliwi safi mpaka ulimi uliolichafua ukubali kuaibika. Mola atujaalie ujasiri huo.