Bunduki ya Watu Watatu

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, watu walipokuwa wameshazoea kuona ndege lakini bado wanavaa nguo za sikukuu kuzipanda, palikuwa na klabu ya kulenga shabaha katika mji mmoja wa mashamba ya tumbaku. Klabu ilikuwa na wanachama wengi na bunduki moja. Na bunduki hiyo ilikuwa na sheria moja: hailali nyumba moja na komeo lake, wala komeo halilali nyumba moja na risasi.

Komeo ni kile chuma cha nyuma kinachoisukuma risasi ndani. Bila komeo, bunduki ni fimbo ya bei mbaya. Basi kila jioni baada ya mazoezi bunduki iligawanywa kama nyama ya harusi. Mwili kwa Machibya, fundi pikipiki. Komeo kwa Mzee Sizya, mweka stoo mstaafu na mtunzaji wa klabu. Risasi kwa Mama Wande, muuguzi wa zamani ambaye sasa ni kocha. Alasiri ya kesho yake vitu vitatu vikakutana tena uwanjani. Hakuna aliyewahi kuumia, na hakuna aliyewahi kujiuliza kama sheria hiyo inafaa nje ya mji ule.

Nyamizi hakutunza chochote. Alikuwa fundi cherehani asubuhi na mlengaji alasiri. Mwaka ule yeye na Machibya walichaguliwa kwenda mashindano ya taifa, na Mama Wande akaenda kama kiongozi wa timu. Viti vitatu kwenye ndege, bunduki moja ya kupokezana. Mshindi angeingia timu ya nchi. Nyamizi alikuwa amefikia umri ambao ukikosa mwaka huu, mwakani wanaita wadogo zako. Machibya alikuwa amefikia umri huohuo.

Siku ya safari walifika uwanja wa ndege mapema, na Mzee Sizya akawasindikiza akiwa na koti na kandambili. Dada wa kaunta akawauliza anachomuuliza kila mtu: kuna kitu cha hatari kwenye mizigo?

"Kuna bunduki," alisema Nyamizi. Alikuwa ameambiwa kwamba bunduki hutangazwa, haifichwi, naye akaitangaza.

Dada hakushtuka. "Haina risasi ndani? Iko kwenye sanduku gumu, lina kufuli?"

"Ndiyo, dada."

"Ni ya nani?"

Mikono mitatu ikanyanyuka.

"Mimi nina mwili," alisema Machibya.

"Mimi nina risasi," alisema Mama Wande. "Ziko kwenye boksi lake la kiwandani, usihofu."

Nyuma ya kamba ya wasindikizaji, Mzee Sizya akapigapiga mfuko wa koti. "Mimi nina komeo."

Dada akamtazama. "Na wewe mzee wangu unasafiri?"

"Sisafiri. Komeo nitawakabidhi mlangoni mwa ndege."

"Mlangoni mwa ndege hafiki asiyesafiri, baba. Na komeo halikai na abiria. Ukilitia mfukoni, ukilitia kwenye mkoba, mashine italiona na leo mtalala polisi nyote."

Akawaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza hayo kwa wengi. Bunduki, komeo na risasi, vyote vinakwenda chini na mizigo. Vyote kwa jina la mtu mmoja, yule aliyeandikwa kwenye kibali. Mtu huyo lazima awemo ndani ya ndege, na ufunguo wa kufuli uwe mfukoni mwake.

Kibali kikafunguliwa. Kiliandikwa Sizya.

"Mzee," alisema Machibya, "si tulikwambia tangu masika ukibadilishe?"

"Mliniambia. Nilikuwa bado natafakari." Ukweli ni kwamba Mzee Sizya alipenda kuliona jina lake juu ya muhuri wa serikali. Kila mtu klabuni alilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Ndege ilikuwa imejaa. Mkuu wa zamu akaitwa, akakuna kichwa, akaridhia: kiti kimoja kati ya vile vitatu kinaweza kuhamishiwa jina la Mzee. Kipi, waamue wenyewe, na waamue upesi.

"Timu isiyo na kiongozi hairuhusiwi kuingia uwanjani," alisema Mama Wande. "Mimi siwezi kubaki."

Wakabaki walengaji wawili. Nyamizi akatazama viatu vyake. Neno la kusema alikuwa nalo, na alijua ni lipi, lakini halikutoka. Kwenye mazoezi Machibya alimshinda mara nyingi kuliko yeye alivyomshinda Machibya.

Machibya akajifuta mikono kwenye suruali kana kwamba ina oili. "Mpeni Mzee kiti changu."

"Machibya."

"Nenda ukalenge, dada yangu. Tukiendelea kuongea hapa nitabadili mawazo."

Sasa hakuna aliyekuwa amemuuliza Mzee Sizya mwenyewe. Na Mzee Sizya aliogopa kwenda juu ya kitu chochote. Paa la nyumba yake alilijua kwa kusimuliwa na mafundi.

"Mimi huko siendi," alisema.

"Mzee Sizya, mwenzako ametoa kiti," alisema Mama Wande.

"Nimemuona. Apewe mwenye moyo."

"Mwenye moyo hajaandikwa kwenye kibali. Umeandikwa wewe."

Mzee akapapasa mfuko wa koti. Kisha akamgeukia Nyamizi. "Wewe, unaweza kushinda huko?"

"Naweza, baba."

"Si kunifurahisha?"

"Naweza."

Akalitoa komeo mfukoni, akaliweka ndani ya sanduku pamoja na mwili, na Mama Wande akaweka humo boksi lake la risasi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Nyamizi kuona vitu hivyo vitatu vikifungiwa mahali pamoja. Mzee akafunga kufuli, akataka kutia ufunguo kwenye soksi ambayo hakuwa nayo, akakumbuka, akautia kwenye koti. "Machibya," alisema, "mwambie mke wangu asiniwekee chakula." Akaingia na kandambili zake.

Ndani ya ndege Mama Wande alikaa dirishani. Aliona mizigo ikipakiwa: masanduku, magunia, kitanda cha mtoto. Akaona toroli ikiondoka tupu. Kisha akaona, peke yake juani, sanduku refu jeusi.

"Dada," alimwambia mhudumu wa ndege, "lile la nje ni letu."

Mhudumu akaenda kuuliza, akarudi. Karatasi ya bunduki haikumfikia rubani, na rubani asipojua, wapakiaji hawapakii. "Litakuja na ndege ya kesho, mama. Tafadhali funga mkanda."

"Kesho asubuhi ndiyo mashindano."

"Naelewa, mama. Funga mkanda."

Mama Wande akaufungua. Akasimama. "Basi sikai."

Ndege haiondoki na mtu aliyesimama. Mhudumu akamwomba, akakataa. Abiria wa nyuma akasema bibi atuonee huruma, wengine tuna misiba. Mama Wande akamwambia pole kwa msiba, na akaendelea kusimama. Nyamizi akamvuta kitenge, akapigwa kofi mkononi. Mwisho rubani akatoka kwenye chumba chake. Akasikiliza. Akaagiza karatasi iletwe, akaisoma, akatia sahihi, akaamuru sanduku lipakiwe.

"Ahsante, mwanangu," alisema Mama Wande, akaanza kukaa.

"Sanduku litapanda," alisema rubani. "Wewe mama utashuka. Siruki na mtu aliyekataa amri ya mhudumu."

Hakubishana. Alichukua mkoba wake, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimtazama, na alipofika mlangoni akageuka. "Nyamizi, pumua kwanza ndipo ufyatue. Huwa unabana pumzi kama mtu anayemeza dawa chungu."

Walipopaa, Mzee Sizya aliushika mkono wa Nyamizi kwa nguvu zake zote.

"Baba, huo ndio mkono wa kufyatulia."

Akauachia, akashika wa kushoto. Alifumba macho, akawa anataja majina ya watoto wake kuanzia mkubwa. Alipofika kwa kitinda mimba akafumbua jicho moja, na jicho hilo likaangukia dirishani. Hakulifumba tena mpaka walipotua.

Walipotua, polisi wa uwanjani walimtaka mwenye kibali, naye akajitokeza, ufunguo mkononi. Na kesho yake wasimamizi wa mashindano walipomtaka kiongozi wa timu, Nyamizi akageuka kumtazama Mzee. Mzee Sizya akavua kandambili moja, akaivaa tena, akasema, "Ni mimi." Wakamwandika. Wakampa kiti cha viongozi na chupa ya maji.

Nyamizi akalala kifudifudi, akapumua, akafyatua. Akapumua tena. Jioni jina lake lilikuwa la kwanza. Akaingia timu ya nchi, na timu ya nchi ilikuwa inakwenda kwenye michezo ya ng'ambo, na kila mshindi alipewa tiketi moja zaidi, ya msindikizaji amtakaye. Mmoja. Kibali nacho kikabadilishwa, kikaandikwa jina la Nyamizi, kwa hiyo sheria haikumhitaji tena mtu yeyote kati ya wale watatu. Kilichobaki ni haki.

Wakakutana klabuni, kwenye banda la bati, chai mezani.

Machibya akaanza. "Mimi sitaki maneno mengi. Nilitoa kiti. Wala si kiti tu, zamu yangu ya kulenga ilikuwa humohumo. Bila mimi Mzee asingepanda, na bila Mzee bunduki isingepanda. Na aliyeshinda siku ile angeweza kuwa mimi."

"Angeweza," alisema Nyamizi.

"Kiti chako kingekuwa cha bure," alisema Mama Wande. "Mngefika huko mkalenga kwa vidole. Bila mimi sanduku lingebaki juani. Nimeshushwa mbele za watu kama mwizi wa kuku, na kampuni ile ya ndege imesema mwaka mzima hainibebi. Ya kwenda ng'ambo ni kampuni nyingine, nimeshaulizia."

"Mama, kwa heshima zote," alisema Machibya. "Ulisema timu haiingii bila kiongozi. Kumbe Mzee alitosha. Ungebaki wewe pale kaunta, tungelenga wawili."

Mama Wande akakoroga chai isiyo na sukari. "Nani alijua kama Mzee atatosha? Mwenyewe hakujua."

"Sikujua," alisema Mzee Sizya. "Na la kibali ni kosa langu, silikatai. Ningebadilisha jina mapema, Machibya angelenga na Mama angekaa kwenye kiti chake. Lakini pimeni tulichotoa. Machibya alitoa kitu anachokipenda. Mama alitoa heshima yake kwa muda mfupi. Mimi nilitoa uhai, maana nilipopanda nilijua sishuki."

"Lakini ulishuka, Mzee," alisema Machibya.

"Wewe ndiye uliyejua. Mimi sikujua." Akanywa chai. "Na sasa nataka kupanda tena."

"Ng'ambo unataka nini?" aliuliza Mama Wande.

"Ng'ambo sitaki kitu. Nataka dirisha."

Machibya akacheka, kisha akaacha, kwa sababu Mzee hakuwa anatania.

Nyamizi aliwasikiliza, akamuona kila mmoja ana haki mpaka mwenzake alipofungua mdomo. Na alijua jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitaja: kwamba pale kaunta walisimama walengaji wawili, na mmoja alinyamaza. Akimchagua Machibya, atakuwa anampa haki yake au anajinunulia usingizi? Akimwacha, atamtazamaje kila alasiri wakipokezana bunduki?

Simu ikaita. Alikuwa katibu wa chama cha walengaji, ana haraka, anakata tiketi.

"Nyamizi, hongera tena. Nitajie jina la msindikizaji."

Wote watatu wakaweka vikombe chini.

"Halo? Jina."

"Andika," alisema Nyamizi.

Mimi namwacha hapo, simu sikioni, kwa kuwa lote analolijua yeye sasa mnalijua nanyi. Yuko Machibya, aliyebaki. Yuko Mama Wande, aliyeshushwa. Yuko Mzee Sizya, aliyepanda. Semeni nyinyi mliokaa na kusikiliza: kiti kile kimoja ni cha nani?