Maji Ndani ya Chombo cha Shebwana

Sogeeni, wajukuu, wewe usiniegemee goti, linauma. Ilikuwa zamani, zamani ambayo hata waliotusimulia nao walisimuliwa tu. Bandari ya mji imejaa makuli na mikokoteni, na katikati ya makelele yale pana karakana ya ukoo mmoja, babu aliunda vyombo, baba akaunda, na Mzee Shebwana naye akaunda, gonga, gonga, gonga, mpaka mgongo ukapinda.

Desturi yao ilikuwa hii: chombo kipya hakishushwi majini bila mtoto mchanga wa nyumba kulazwa ndani, mnunuzi aone wenyewe wanakiamini.

Safari hiyo mtoto alikuwa wa Mwanahidi, mke wa mwanawe Shebwana, mzazi wa juzijuzi. Naye Mwanahidi alikuwa amemwona mkwewe akiziba maungio ya mbao kwa pamba, nyundo inapiga na mtu amesinzia, jamani, amesinzia kasimama! Tena chombo hakikujazwa maji. Maana hujazwa maji kingali nchi kavu, yanapochuruzika nje ndipo palipo wazi.

"Baba, hatujakijaza," alisema, mtoto kamkumbatia.

"Bahari imejaa, mama. Ikitoka, leo hatukishushi."

Nahodha mnunuzi akacheka. "Shebwana, siku hizi fundi wako ni huyu anayenyonyesha?"

"Ndiyo, nanyonyesha! Na mwanangu haingii humo, nisemeni, nirudisheni kwetu, simtoi!"

Mnamsikia, watoto? Mikono haikulegea.

Mzee akamtazama, akamtazama. Kisha akasema polepole, "Leteni ndoo."

Wakamimina, wakamimina, bahari ikaanza kutoka, nahodha anatukana. Mara chini kabisa maji yakachuruzika kama uzi, kisha kama kidole, kisha pamba yote ikachomoka. Nahodha akaenda kununua kwingine.

Mzee akakaa chini mchangani. "Nimechoka tangu mwaka juzi, mwanangu. Nyumba hii sikuwahi kumsikia mtu akisema amechoka."

"Umeshasema, baba."

Mwanahidi akamlaza mtoto mapajani mwa babu yake, akaokota nyundo, akaanza kuziba. Alipogeuka, wote wawili wamelala.

Basi, wajukuu, mkimwona mkubwa amechoka msimwache aendelee eti kwa kuwa ni mkubwa, mwambieni. Kisa nimekitua hapo, anayekitaka akibebe; mimi najinyoosha.