Somo wa Mtoto wa Ngollo

Sogeeni, na anayejiona hakimu akae mbele, maana kesi hii mimi imenishinda.

Walikuwako warina asali watatu. Kapaya alikuwa bahili. Simu yake haikuwa hata na laini, lakini chaji aliitunza kama mboni ya jicho. Ndalahwa aliwahi kuuza vocha mjini, akazijua simu ndani nje. Msonda aliujua msitu, ila mizinga yake ilipo hakumwambia mtu. Kwa warina asali, hiyo ni siri ya kurithi.

Siku moja Mihayo, mwenzao wa nne, alianguka kutoka mtini. Mfupa wa paja ukatokeza nje. Mkewe Ngollo, mjamzito aliyekuwa amewaletea chakula, alilifunga jeraha kwa kanga, na kanga ikalowa damu. Aliogopa. Alijiona tayari ni mjane.

Simu zote zilikuwa zimezima isipokuwa ya Kapaya. Asubuhi walimwomba awapigie muziki, akawanyima. Sasa aliitoa bila kuombwa. "Chukueni. Lakini imeandika 'Simu za dharura tu'."

"Basi nayo ni mgonjwa," Ngollo akasema, akalia.

"Sivyo, shemeji," akasema Ndalahwa. "Ni kwamba mnara wa mtandao fulani unatufikia. Kwa dharura wanakupokea, hata kama huna laini, hata kama huna salio." Akabonyeza moja, moja, mbili. Ikaita.

"Mko wapi?" sauti ikauliza.

Gari lingeweza kupita njia moja tu, nayo ilikatiza katikati ya mizinga ya Msonda. Msonda alimtazama Mihayo, kisha akaielekeza njia yote, mbele ya wenzake. Gari likafika. Mihayo alipona, ingawa anachechemea.

Baada ya muda mizinga ya Msonda iliibwa yote. Hakulalamika.

Ngollo akajifungua mtoto wa kiume. Kijijini kwao, mtoto hupewa jina la aliyemwokoa mzazi wake, na huyo huwa somo wake, baba wa pili. Somo ni mmoja tu.

"Bila simu yangu mngepigia nini?" Kapaya akauliza.

"Na bila mimi ingebaki kopo tupu," akajibu Ndalahwa.

Msonda aliwatandikia wageni mkeka.

Ngollo anawapenda wote watatu, na hilo ndilo linalomuumiza. Wageni wameshaketi, Mihayo amempakata mwanawe, na kila mtu anamtazama mama atamke jina.

Je, wewe ungemwita nani?