Trauti wa Fisi Aliyekua Kila Wiki

Hapo zamani za kale, babu yangu mwenyewe akiwa bado hajajua kunawa uso, kulikuwa na ziwa kubwa huko kaskazini, na baridi yake ilikuwa ya kugonganisha meno. Humo waliishi samaki waitwao trauti, wanene, wenye mstari wa rangi za upinde wa mvua ubavuni. Wavuvi walikuwa wawili tu, Bwana Chui na Bwana Fisi, kwa sababu wao walikuwa na mitumbwi, na pia meno.

Bi Nguchiro na wanawe wanne waliruhusiwa kuokota konokono ufukweni. Konokono wakaisha. Kitindamimba wake akaacha hata kulia njaa, na hilo lilimuuma mama kuliko kilio chenyewe.

Asubuhi moja Chui alivuta mshipi, puruchu! puruchu! Akamtoa trauti mrefu kama mkia wake, akawasha moto.

"Hodi, Bwana Chui! Hongera! Lakini moto wa nini?"

"Wa kumchoma, Bi Nguchiro. Una swali jingine?"

"Lo! Samaki wa sifa namna hii achomwe? Ukishamla, nani ataamini ulimvua? Kwa wakubwa wenzako, huyu hupimwa, husifiwa, hurudishwa majini akue. Wanaokula ni sisi wenye njaa."

Tumbo la Chui likanguruma. Akakohoa kulifunika.

"Nani kasema nina njaa?"

"Hata mimi sina!" akadakia Fisi kutoka mtumbwini, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Nguchiro akampima samaki kwa kamba, akamsifu mpaka Chui akasahau moto. "Sasa, kumrudisha kuna ufundi wake," akasema. "Samaki mkubwa ana haya. Hupumzishwa kwanza nyuma ya ule mwamba, kwa mikono midogo, bila kutazamwa."

"Basi nenda wewe," akasema Chui, akitazama mikono yake kwa fahari.

Nyuma ya mwamba Nguchiro akamtia samaki kikapuni, akaokota jiwe, akalitupa majini. Chubwi!

"Ameondoka, mabwana! Anawasalimu!"

Siku hiyo watoto wanne walikula mpaka wakalamba miiba, na kitindamimba akalia tena, safari hii akitaka kuongezwa. Mama yake alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mambo yakaenda hivyo. Wakubwa walivua, Nguchiro akapima na kurudisha. Kanzu zao ziliwapwaya, lakini majina yao yalinenepa. Fisi ndiye aliyezidi.

"Huyu wa leo ni yuleyule wangu wa wiki jana!" alitangaza mbele ya wanyama wote. "Namjua kwa macho yake. Ameongezeka shubiri mbili!"

Wiki iliyofuata akaapa ni yuleyule tena, na tena. Wanyama wakamwita Bingwa wa Ziwa, na Chui akalazimika kumpisha njiani. Unadhani Chui alifurahi? Alikuwa akingoja kosa moja tu.

Mchana mmoja Fisi alivua, akamkabidhi Nguchiro samaki, lakini njaa ikamshinda. Akanyemelea nyuma ya mwamba, angalau aung'ate mkia. Akamkuta Nguchiro, samaki kikapuni, jiwe mkononi.

"Kumbe! Mwizi mkubwa wewe! Namwita Chui akutafune!"

Moyo wa Nguchiro ukalia pa! Akawaza wanawe waliokuwa wakimngoja nyumbani.

"Mwite," akasema. "Mimi nitamweleza kwamba hakuna samaki hata mmoja aliyerudi ziwani. Kisha wewe, Bingwa, utamweleza ni yupi huyo uliyemvua mara tano, akikua kila wiki."

 

"Vipi huko?" Chui akaita kutoka upande wa pili. "Mbona kimya? Bado hajarudishwa tu?"

Fisi akamtazama samaki, akameza mate. Kisha akainama, akanyanyua jiwe kubwa kwa mikono miwili.

"Hilo lako dogo," akanong'ona. "Wangu amekua."

CHUBWIIII!

Basi wanangu, anayeona aibu kusema ana njaa asishangae wenzake wakishiba.