Kwa Nini Sukari Haimngoji Mpishi

Kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, sukari ilikuwa na hali moja tu. Nyinyi mnaouliza kwa nini shira inamiminika, gubiti inavutika na kashata inawavunja meno, ilhali zote zimetoka kwenye sukari na moto, kaeni niwaambie. Lakini mmoja wenu aendelee kukoroga, maana leo sitaki hasara.

Siku hizo sukari ilikuwa na subira. Uliitia maji, ukaiweka motoni, ukaiambia, "Nisubiri," kisha ukaenda kisimani, ukapita kwa jirani kuteta kidogo, ukarudi. Uliikuta vilevile, nyepesi, inachemka taratibu. Haikuvutika wala haikuganda, na kuungua hakukujulikana.

Palikuwa na mpishi wa vitamu akiitwa Mwanatumu. Watoto wake wote Mungu alikuwa amewachukua wakiwa wachanga, akabaki na mmoja tu, Mize. Asubuhi moja Mwanatumu alikuwa amekwisha kuteleka sufuria aliposikia Mize akilia chumbani. Uchungu wa uzazi ulikuwa umemshika, na siku zake zilikuwa bado. Mwanatumu akaingiwa na hofu. Akaiambia sukari, "Nisubiri, mwanangu anazaa," akakimbia.

Mkunga, Bi Mashavu, alikuwa mkali na hakupenda watu wa kulialia. Akamwambia, "Mwanatumu, usinisimamie hapa unatetemeka. Lete kitu kitamu, mwanao apate nguvu." Mwanatumu akarudi jikoni, akateka sukari bakulini. Ilikuwa nyepesi kama siku zote. "Bado," akaiambia, "tuombe Mungu." Ile aliyoiteka ndiyo shira, na Mize aliilamba yote.

Jua likapanda. Mize akachoka, na Bi Mashavu akaomba kitamu tena. Safari hii Mwanatumu alifika jikoni akilia. Akainamia sufuria akasema, "Mtoto amekaa vibaya. Sijui kama Mungu ataniachia hata mmoja." Sukari haikuwahi kuambiwa neno kama hilo. Alipoinua mwiko, ikamfuata ikivutika, nyuzi kwa nyuzi, kana kwamba haitaki aondoke. Akaikata, akaizungusha kijitini, akampelekea Mize aimung'unye. Hiyo ndiyo gubiti.

Mara ya tatu alikuja bila machozi, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Amenyamaza," akasema. "Namwita, haitiki." Sukari ikajikaza kwa hofu. Mwanatumu akaiteka kwa haraka hata ikamwagika kwenye sinia la nazi aliyokwisha kuikuna. Papo hapo ikaanza kuganda. Hakuwa na wakati wa kupika nyingine, akavunja kipande akaenda nacho.

Bi Mashavu alikitazama kile kipande akaguna. "Ndiyo nini hii? Haya, ilete hivyo hivyo." Akamfungua Mize kinywa, akakiweka katikati ya meno. Ule utamu wa nazi ukamzindua. Mize akafumbua macho, akauma kwa nguvu zake zote, na Bi Mashavu akapiga kelele, "Sukuma, mwanangu! Sukuma hivyo hivyo!" Akasukuma. Hiyo ndiyo kashata, nanyi mnaitafuna bila hata kushukuru.

Mtoto akalia. Wa kike, mzima. Mize naye mzima. Mwanatumu akaanguka magotini, akacheka, akalia, akambusu mwanawe mikono na miguu. Majirani wakaingia kwa vigelegele. Nani angekumbuka jiko?

Jikoni sukari ilikuwa ikisubiri. Neno la mwisho ililoambiwa lilikuwa lile, kwamba Mize amenyamaza. Ikasikia kelele, isijue ni za furaha au za msiba. Hakuna aliyekuja. Ikageuka rangi, ikawa hudhurungi, ikafoka, ikasubiri tena. Bado hakuja mtu. Harufu ilipofika chumbani, Mwanatumu alishtuka, akamchukua mjukuu wake akakimbia naye.

"Wazima!" akaiambia kutoka mlangoni. "Wazima wote wawili, huyu hapa!"

Sufuria ilikuwa nyeusi. Akachovya kidole, akaonja, akakunja uso. Ilikuwa chungu, na wala haikurudi kuwa tamu hata alipoitia maji na kuibembeleza. Mwanatumu alilia pale jikoni, katika siku yake ya furaha kuliko zote, na waliomwona hawakumcheka.

Na tangu siku hiyo sukari haimngoji mtu. Ukiitoa mapema utapata shira, ukikawia kidogo utapata gubiti, ukikawia zaidi ni kashata, na ukiiacha peke yake itaungua. Ndiyo sababu tunaikalia na mwiko, tukizungumza nayo.

Na ndiyo sababu kwetu mtoto akizaliwa, anayetoka chumbani na habari hapiti kwanza kwa baba. Anakwenda jikoni. Baba ana watu wa kukaa naye barazani.