Mshale Uliokataa Kurudi

Hapo zamani, mjini Pangani, paliishi fundi wa saa aliyeitwa Shekuwe. Alikuwa na saa moja asiyoiuza, zawadi aliyompa mkewe walipooana. Mshale wake wa saa haukuzunguka. Ulipanda taratibu kwenye nusu duara, kutoka kumi na mbili ya asubuhi hadi kumi na mbili ya jioni, kisha ukaruka nyuma mara moja na kuanza upya. Kila magharibi mkewe aliacha jiko akaja kuutazama.

Mke akafariki. Baadaye mshale nao ukakwama mwisho, usirudi. Shekuwe alikwisha kuzeeka, mikono inatetemeka. Akaugua. Akasema, "Duka langu na vyombo vyangu ni vya atakayeurudisha mshale huu."

Mbaruku, mwanafunzi wake, akaifungua saa. Akaona kipande chenye umbo la konokono, na ukucha wa chuma umeegemea ukingoni. Kipande kinapozunguka, ukucha hupanda, na mshale hupanda nao. Ukingo unapoishia ghafla, ukucha huanguka, na springi nyembamba huuvuta mshale hadi mwanzo. Springi ndiyo iliyovunjika. Mbaruku alijua, lakini hakuweza kutengeneza kitu chembamba kama unywele.

Akamwendea jirani yao Zahor, sonara.

"Mimi saa sizijui," Zahor akasema. "Nieleze unene na mkunjo tu."

Akaungua vidole, akaharibu waya baada ya waya, akaipata springi kwa ule wa mwisho.

Wakajaribu. Mshale ukaruka, ta! Ukagonga kizuizi cha mwanzo, ncha ikapinda.

Somoe, binti wa fundi, akasema, "Enzi za mama haukulia hivi. Ulishuka kimya."

"Springi ina nguvu mno," Mbaruku akakiri. "Lakini ukiipunguza itakatika, na waya umekwisha. Tumpelekee mzee hivi hivi."

"Aone mara moja, kisha uvunjike?"

Somoe akaichomoa springi, akaisugua kwenye jiwe la kunolea huku wenzake wakimpigia kelele aache. Haikukatika. Mbaruku akairudisha mahali pake, kisha akainyoosha ncha ya mshale.

Magharibi ile mshale ukashuka bila mlio. Shekuwe akautazama. "Ndio wenyewe," akasema, machozi yakimtoka. Akafariki kesho yake, bila kutaja jina la mtu.

Matanga yalipoanuliwa, wakakaa barazani.

Mbaruku akasema, "Ni mimi niliyeuona ugonjwa. Bila mimi, mngetengeneza nini?"

Zahor akasema, "Kujua kwako hakukuusogeza mshale. Uliporudi mara ya kwanza, ulivutwa na kazi ya mikono yangu. Mzee alisema atakayeurudisha, hakusema kimya wala kwa kelele."

Somoe akasema, "Mlikuwa tayari kumpa baba kitu cha kuvunjika. Mimi ndiye niliyethubutu."

"Na ingekatika?" Mbaruku akauliza.

"Haikukatika."

Duka limefungwa, ufunguo uko mezani, na hakuna aliyeugusa. Enyi mnaosikiliza, mngempa nani?